KITANDA CHA TRENI AO KITI CHA NDEGE: TUHESABU PAMOJA



Katika somo la jiografia kilasi ya sita iligawanyika vipande viwili. Swali lilikuwa hili: mutu mwenye kusafiri mbali, afazali alipe kitanda ndani ya treni ya usiku, ao alipe kiti ndani ya ndege? Kipande kimoja kilipaza sauti: «Treni ni ya bankambo, ndege njo ya leo!» Kipande kingine kilijibu kwamba ndege ni ya wenye mifuko minono. Kengele ililia mbele ya kumaliza. Basi sisi, kapita wa wanafunzi pamoja na wenzetu wawili wa kilasi, tuliombwa kusoma na kuulizauliza, kisha kuleta jambo hili katika gazeti letu.

Swali hili si la mchezo kwetu hapa Kamina. Wale watakaopata diplome, wengi watataka kwenda universite ya Lubumbashi, na jamaa zao wameanza kuhesabu feza tangu sasa. Tena kuna watu wazima wanaosema kwamba reli ibakie kazi ya shaba tu, na watu watafute njia ingine. Mwenye kusema hivyo inafaa aonyeshe hesabu yake. Sisi tunaonyesha yetu.

Kwanza tujue kitanda cha treni kilitoka wapi. Mbelgiji mmoja wa Liège, jina lake Georges Nagelmackers, alisafiri Marekani katika miaka ya 1860. Kule aliona wagoni za kulala za Bwana George Pullman. Aliporudi Ulaya alianzisha kompani ya wagoni za kulala, na mfalme Leopold II alimpa mukono. Ndiye Leopold yule yule ambaye jina lake linajulikana sana katika historia ya inchi yetu. Katika mwaka 1883 treni yao, Orient-Express, ilianza kutoka Paris kuelekea upande wa Constantinople, yaani Istanbul ya leo.

Nagelmackers alikuwa anauza nini? Hakuuza mbio, kwa maana wagoni zake zilikokotwa na mashini zile zile za wengine. Aliuza usiku. Mutu anapanda mangaribi, analala, anaamka katika muji mwingine, na siku yake ya kazi haikuguswa. Mushike neno hili la usiku, kwa sababu hesabu yote inayofuata inasimama juu yake.

Sasa, juu ya nini kitanda kina bei kali? Wengi katika kilasi walizani ni mafuta ao umeme. Hapana. Ni nafasi. Mutu akiketi anachukua nafasi ndogo. Akilala anachukua nafasi kubwa. Ndani ya wagoni moja ya Ulaya yenye viti, watu 60 ao 70 wanaweza kuketi. Wagoni hiyo ikiwekwa vitanda vya kusheti, sita sita katika chumba kimoja, inabeba watu 54 ao 60. Ikiwekwa vyumba vya kulala vizuri, vyenye maji ya kunawa na vitanda vitatu tu, inabeba watu 36. Ikiwa kila mutu anataka chumba chake peke yake, wanabaki 12! Lakini wagoni ni ile ile, uzito ni ule ule, na reli inalipwa sawasawa. Basi wale 12 ni lazima walipe yote ambayo 60 walikuwa wakigawanya.

Jambo la pili ni kazi ya wagoni kwa siku moja. Wagoni ya kulala inafanya safari moja kwa usiku, kisha mchana kutwa inasimama, wanafagia, wanabadilisha mashuka. Ndege ya namna ya Airbus A320 inaweza kuwa na viti 180, tena kwa siku moja inaruka mara ine ao zaidi. Hesabuni: 180 mara 4 ni 720. Ndege moja tu, watu 720 kwa siku, na kila mumoja ameacha feza yake. Wagoni yenye vitanda 36 inangojea usiku ufike.

Jambo la tatu ni la sheria. Treni inalipa njia ya reli kilomita kwa kilomita, na ikivuka mupaka inalipa tena katika inchi ya pili. Ndege pia inalipa viwanja na wale wanaoiongoza, tusidanganyane. Lakini kufuatana na mapatano ya Chicago ya mwaka 1944, mafuta yaliyo ndani ya tanki ya ndege inayofika kutoka inchi ya kigeni haitozwi kodi. Na katika Ulaya mafuta ya ndege za biashara kwa kawaida yameachiliwa kodi. Kwa hiyo mutu akisema «ndege ni rahisi», ni kweli, lakini sehemu ya urahisi ule ilitoka mukononi mwa serikali. Rafiki yetu mumoja alisema kwamba hii ni sawa kushindana mbio na mutu aliyebebwa mugongoni. Hatuendi mbali kama yeye, lakini kuna kitu ndani ya neno lake.

Matunda ya hesabu hii yameonekana wazi katika Ulaya. Kompani ya reli ya Ujerumani ilisema kwamba katika mwaka 2015 treni zake za kulala zilipata euro milioni 90 kutoka kwa wasafiri, na hata hivyo zilipoteza milioni 31. Katika desemba 2016 iliziacha. Wa-Austria, ambao inchi yao ni ndogo sana kupita Ujerumani, walinunua wagoni zile na kuanza treni za usiku zinazoitwa Nightjet. Katika desemba 2021 walifungua njia ya Vienna mpaka Paris, na katika desemba 2023 ile ya Berlin mpaka Paris. Watu walifurahi sana. Lakini serikali ya Ufaransa ilipoondoa musaada wake wa feza, njia zile mbili za Nightjet zilisimama katika desemba 2025. Munaona? Watu wa kupanda walikuwako, na bado hesabu haikutosha bila mukono wa serikali.

Hapo wenzetu wa ndege watapiga makofi. Wangojee kidogo, kwa maana tumehesabu upande wa kompani tu, na musafiri ana hesabu yake ingine.

Tuchukue njia ile ya Vienna na Paris, ginsi ilivyokuwa. Treni ilikuwa na masaa kama 14. Ndege inaruka masaa mawili. Mutu wa haraka atasema: masaa 12 yamepotea. Lakini nani anaamka na kujikuta amekwisha kuketi ndani ya ndege? Unatoka nyumbani, unakwenda kiwanja kilicho inje ya muji, unafika mapema juu ya kukaguliwa, unaruka, unangojea mizigo, unaingia tena katika muji mwingine. Masaa mawili yamegeuka sita. Tena masaa sita yale ni ya mchana, na yale 14 ni ya usiku, ambayo wewe hata hivyo ungelala.

Tufanye mufano kwa namba za kubuni. Ndege euro 80, sanduku euro 30, kwenda na kutoka kiwanjani euro 30, na kwa sababu una kazi asubui inafaa kufika jana yake na kulipa oteli euro 90. Jumla 230. Kitanda cha kusheti euro 120, na treni inakushusha katikati ya muji. Hapo kitanda kimeshinda. Lakini ukiwa na mama mudogo anayekaa Paris, oteli inaondoka na inabaki 140. Na ukiwa huna sanduku, inabaki 110. Hapo ndege imeshinda. Basi bei ya tikiti peke yake haijibu swali. Inafaa kuuliza: usiku ule, kama si ndani ya treni, ungelala wapi, na nani angelipa?

Dada mumoja wa kilasi ya tano alituuliza jambo ambalo sisi vijana hatukuliweka katika karatasi zetu: mwanamuke anayesafiri peke yake analala namna gani katika chumba kimoja na wanaume watano asiowajua? Ni swali la haki kabisa. Katika treni za Nightjet kuna vyumba vya kusheti vinavyowekwa kwa wanawake peke yao. Mahali ambapo hakuna utaratibu wa namna hii, kitanda ambacho mutu hawezi kufunga macho ndani yake si kitanda. Ni ubao wa bei kali. Ndani ya ndege, masaa mawili, watu wote wameketi na taa zinawaka. Jambo hili linatiwa katika hesabu, hata ikiwa halina namba.

Kuna tena inchi ambazo treni yenyewe iliua kitanda, bila ndege. Katika Japani, treni ya mbio kubwa ilianza kati ya Tokyo na Osaka katika mwaka 1964. Njia ya usiku muzima ikawa ya masaa machache, na leo treni za kulala za kila siku karibu zote zimekwisha. Katika Kenya, treni ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ilikuwa ya kulala. Reli mupya ilipofunguliwa katika mwaka 1957 wa wazee? La, ni juzi tu, katika mwaka 2017. Na sasa safari ni ya masaa tano ao sita, watu wanaketi. Kwa hiyo kitanda kina kipimo chake. Safari ikiwa fupi, kiti kinatosha. Ikiwa kama masaa 9 mpaka 16, kitanda kiko mahali pake. Ikipita siku nzima, hapo si usiku unanunua, ni makao.

Na musifikiri kwamba kitanda ni lazima kiwe cha watajiri. Katika Uhindi wagoni ya kulala ya namna ya kawaida, isiyo na mashuka wala milango ya vyumba, inabeba watu 72, wote wamelala, ngazi tatu tatu. Kutoka Delhi mpaka Mumbai ni kilomita karibu 1,400, na treni zake nzuri zinakwenda kwa masaa kama 16: unatoka mangaribi, unafika asubui. Wahindi walitafuta ubao mugumu na reli nzuri. Wengine wanatafuta godoro laini.

SASA TURUDI KAMINA

Reli yetu haikujengwa juu ya sisi kulala vizuri. Ilifika Lubumbashi, Élisabethville ya wakati ule, katika mwaka 1910, ikitoka kusini kwa njia ya Sakania, juu ya shaba. Katika mwaka 1918 ilifika Bukama penye muto Lualaba. Katika mwaka 1928 ilifika Ilebo penye muto Kasai, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi; na kutoka pale msafiri anapanda masua kwenda Kinshasa. Katika mwaka 1956 Kamina iliunganishwa na Kabalo, na kwa njia hiyo na Kalemie na Kindu. Upana wa reli ni milimetre 1,067.

Kutoka Kamina mpaka Lubumbashi ni kilomita karibu 600. Hapa ndipo hesabu ilitushangaza sisi wenyewe. Tulizani treni ya usiku inataka mbio kubwa kama ya Uhindi. Hapana! Chukueni mwendo wa kilomita 40 kwa saa, vituo vyote vikiwa vimehesabiwa ndani. 600 gawa kwa 40 ni masaa 15. Treni inatoka Kamina saa kumi na moja ya mangaribi, inafika Lubumbashi saa mbili ya asubui. Mwanafunzi anashuka, ananawa uso, anakwenda kujiandikisha. Kilomita 40 kwa saa! Kuna vijana wa kinga wanaoweza kupita mbio ile kwenye mulima wa kuteremka.

Lakini mwendo ukiwa wa kilomita 20 kwa saa, ni masaa 30. Treni ile ile inayotoka saa kumi na moja ya mangaribi itafika kesho yake saa tano ya usiku. Umelipa usiku mumoja, umepoteza mchana muzima, tena umefika saa mubaya, giza, na mizigo yako juu ya kichwa. Na chakula? Katika masaa 15 mutu anakula kile alichofunga nyumbani. Katika masaa 30, kama yuko na watoto, ananunua kwenye vituo mara tatu ao ine. Na kama treni imekwama porini siku mbili, mambo yanayojulikana na kila jamaa hapa, feza ya chakula inaweza kupita tofauti yote kati ya tikiti ya treni na ya ndege. Baba mumoja alituambia kwamba yeye anafunga chakula cha siku ine kwa safari ya usiku mumoja. Aliposema hivyo hakucheka.

Basi wale wanaosema kwamba wagoni mupya zenye godoro zitarudisha watu ndani ya treni, sisi hatukubaliane nao. Godoro haliponyi reli. Feza ikiwa kidogo, iende kwanza chini: kwa mbao za reli, kwa mawe, kwa madaraja, kwa mashini zisizozimika njiani. Kutoka 20 kwenda 40 ndiyo inageuza siku mbili kuwa usiku mumoja, na hapo hata ubao wa Kihindi utajaa watu. Juu ya usalama, vilevile. Katika aprili 2014 treni ya mizigo iliyobeba watu ilianguka karibu na Kamina yetu, na makumi ya watu walikufa. Wengi hapa wanajua mahali pale. Ndege nazo si malaika: tangu mwaka 2006 kompani za ndege za inchi yetu zimeandikwa katika orodha ya zile zisizoruhusiwa kuruka katika Umoja wa Ulaya. Mutu asichague njia moja kwa kuzani kwamba ingine peke yake njo inaua. Na kupanda juu ya paa la wagoni, ndugu zetu, hata ikiwa ni bure, muiondoe kabisa katika hesabu.

Bado tuone kitu ambacho ndege haiwezi. Ndege kwa kawaida inakuruhusu kilo 20 ao 23. Mama anayepeleka mihogo na mahindi kwa kuuza, kilo 23 ni kitu gani kwake? Tena ndege inapita juu ya Luena, Bukama, Lubudi na Tenke bila kusimama. Watu wa vituo vile, ukiwaondolea treni ya watu, hauwapi ndege. Unawapa miguu na kinga. Ndio maana tunakataa neno la kwamba reli ibakie ya shaba tu. Mwenye kusema hivyo amehesabu watu wa miji miwili ya mwisho, akawasahau wote walio katikati.

Na wale wa kilasi ya sita, mufanye nini? Tutasema bila kuzunguka. Mwenye kwenda Kinshasa, kama jamaa iko na namna, apande ndege: treni mpaka Ilebo na masua kisha, ni safari ya kuandikia kitabu, si ya kufika siku ya kuandikishwa. Mwenye kwenda Lubumbashi na kisanduku kimoja, na tarehe imekwisha kukaribia, na yaya yake amemtumia feza ya ndege, asione haya. Lakini mwenye kubeba godoro, sufuria, kilo 50 za unga na mudogo wake, apande treni. Atoke mbele ya tarehe siku tano, si siku moja. Asafiri pamoja na wengine, na wasichana wakae pamoja katika wagoni moja. Na kabla ya kusema kwa baba kwamba treni ni rahisi, aandike chini ya tikiti feza ya chakula cha siku ine.

HESABU ZA KUFANYA

Zitiwe katika sanduku lililo mulangoni pa ofisi, mbele ya siku ya tano. Majibu mazuri yatachapwa katika namba inayofuata. Kilasi ya kwanza na ya pili wajibu ya kwanza tu.

1. Treni inatoka Kamina saa kumi na moja ya mangaribi. Njia ni kilomita 600. Inapotembea inakwenda kilomita 50 kwa saa, lakini vituo vyote pamoja vinachukua masaa 3. Itafika saa ngapi? Na kama vituo vinachukua masaa 9?

2. Tuseme wagoni moja kwa usiku mumoja inagarimu franka 1,440,000. Kitanda kimoja kitauzwa bei gani ikiwa na vitanda 36? Ikiwa na mbao 72? Ni nani kati ya wanafunzi wa shule yetu angeweza kulipa ya kwanza?

3. Baba, mama na watoto watatu wanahama na mizigo ya kilo 150. Ndege inampa kila mutu kilo 23. Kilo ngapi zitabaki kiwanjani, na ungewashauri kuacha nini?